KUGAWANYIKA KWA SELI: SOMO LA MGOMBA NA MBUNI



Somo la kugawanyika kwa seli wengi wetu huliogopa. Twakariri majina ya hatua zake usiku wa kuamkia mtihani, na siku ya pili yake twayasahau. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao, mpaka kosa nililolifanya nyumbani kwetu Kibosho liliponilazimisha kulielewa. Darasani somo hili twalisoma kwa Kiingereza. Hapa nitajaribu kulieleza kwa Kiswahili, kwa kutumia mimea miwili ambayo kila mtoto wa mlimani huijua kabla hajajua kusoma, yaani mgomba na mbuni.

Kwanza nieleze kosa lenyewe. Kihambani kwa bibi yangu kuna mibuni ya zamani iliyopandwa na marehemu babu. Mvua zikiwa nyingi na baridi ikizidi, ugonjwa wa chulebuni huishambulia, nazo buni changa huwa nyeusi, hukauka na kuanguka kabla ya kukomaa. Miaka michache iliyopita Bibi alipata miche minne ya kahawa chotara, ile iliyotolewa na watafiti wa Lyamungo. Miche ile ilikua, ikazaa vizuri, na chulebuni haikuigusa. Likizo ya mwezi wa Desemba nikamwambia, "Bibi, usihangaike kutafuta miche mingine. Nitachuma buni mbivu za mibuni hii minne, niziatike. Kwa mbegu mia mbili tutabadilisha kihamba chote."

Bibi akaniuliza, "Je, mwalimu wako ndivyo alivyosema?"

Nikajibu kwa majivuno, "Bibi, mimi nasoma Baiolojia."

Basi nikatengeneza kitalu, nikaziatika mbegu, nikaweka kivuli cha majani ya migomba, kisha nikarudi shuleni. Bibi alibaki akimwagilia. Niliporudi likizo ya Juni miche ilikuwa imeota na kutoa majani, lakini haikufanana. Mmoja ulikuwa na ncha za rangi ya shaba, jirani yake ncha za kijani kibichi. Mmoja ulikuwa mrefu na mwembamba, mwingine mfupi wenye pingili zilizokaribiana. Bibi akaitazama, akasema, "Mjukuu wangu, mgomba hunizalia mgomba ule ule. Na kahawa ya babu yako tulikuwa tukichukua miche iliyojiotea chini ya mibuni, nayo ilifanana na mama yake. Hii yako imekuwaje? Mama ni mmoja, na watoto kila mmoja na sura yake."

Sikuwa na jibu. Nililibeba swali lile mpaka shuleni, nikamwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akanijibu kwamba jibu lote limo katika sura ile ile niliyokuwa nikiikariri bila kuielewa. Makala hii ni jibu hilo.

1. SELI NA KROMOSOMU

Kila kiumbe chenye uhai kimejengwa kwa seli. Viumbe vingine, kama amiba, ni seli moja tu. Mgomba, mbuni na mwanadamu ni seli nyingi mno. Ndani ya seli ya mmea au ya mnyama mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Katika nyuzi hizo yameandikwa maagizo yote ya kiumbe, na kila agizo moja moja twaliita jeni: jani liwe na rangi gani, shina liwe refu au fupi, mmea uweze kushindana na ugonjwa fulani au usiweze.

Mtaalamu wa Kijerumani, Walther Flemming, ndiye aliyezieleza kwa makini harakati za nyuzi hizi katika kitabu alichokitoa mwaka 1882. Mwaka 1888 Mjerumani mwingine, Wilhelm Waldeyer, akazipa jina la kromosomu, ambalo kwa asili yake ya Kigiriki maana yake ni "mwili wa rangi", kwa sababu hunywa rangi sana mtu akizitia rangi ili azione kwa hadubini.

Kila aina ya kiumbe ina hesabu yake ya kromosomu. Kitunguu kina 16. Mwanadamu ana 46. Na usidhani kuzihesabu ni jambo rahisi, maana kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ni 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya kazi huko Lund, Sweden, walipoisahihisha hesabu hiyo mwaka 1956. Kahawa ya arabika, ambayo ndiyo kahawa yetu ya Kilimanjaro, ina 44. Kahawa ya robusta, ambayo hulimwa sana Kagera, ina 22. Ndizi mwitu zenye mbegu zina 22, na ndizi za kundi la matoke zina 33. Ikumbuke hesabu hii ya 33, maana tutairudia.

Kwa kawaida kromosomu huwa mbili mbili. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Zote mbili hubeba maagizo ya mambo yale yale, lakini si lazima maagizo yenyewe yafanane: ya baba yaweza kusema "ncha ziwe za shaba", na ya mama yakasema "ncha ziwe za kijani".

2. MGAWANYIKO WA KWANZA: MITOSISI

Mmea ukikua, jani likiongezeka upana, au kidonda kikipona mguuni, seli zinagawanyika kwa njia iitwayo mitosisi. Kusudi la mitosisi ni kutoa seli mbili zilizo na kromosomu zile zile, kwa hesabu ile ile, kama seli ya kwanza.

Katika maabara yetu tuliuona mgawanyiko huu kwa kutumia kitunguu kilichonunuliwa sokoni. Tulikiweka juu ya mdomo wa chupa yenye maji, kitako chake kikiyagusa maji, na baada ya siku chache mizizi myeupe ikatoka. Tulikata ncha za mizizi, kwa sababu hapo ndipo mzizi unapokua na seli nyingi hugawanyika. Tukazihifadhi katika mchanganyiko wa asidi ya siki na alkoholi, tukazilainisha katika asidi ya hidrokloriki yenye joto, tukazitia rangi nyekundu, kisha tukaziminya taratibu chini ya kioo chembamba. Atakayejaribu asisahau kulainisha. Sisi tulisahau mara ya kwanza, tukaona bonge jekundu tu.

Ukitazama kwa hadubini utaona kwamba seli nyingi zina kiini cha mviringo kilichotulia. Hizi hazijaanza kugawanyika, lakini si kwamba hazina kazi: ni katika wakati huu kila kromosomu hunakiliwa, ikawa nyuzi mbili zinazofanana kabisa, zilizoshikana mahali pamoja. Kisha hufuata hatua nne.

Hatua ya kwanza ni profasi. Kromosomu hujikunja, zikawa fupi na nene, ndipo twaweza kuziona. Utando wa kiini hutoweka.

Hatua ya pili ni metafasi. Kromosomu hujipanga katikati ya seli, kama wanafunzi wanavyojipanga mstari mmoja uwanjani asubuhi. Nyuzi nyingine nyembamba hutoka pande mbili za seli na kuishika kila kromosomu pale nakala zake mbili zinaposhikana.

Hatua ya tatu ni anafasi. Nakala mbili za kila kromosomu huachana. Moja huvutwa upande huu, na mwenzake upande ule. Hapana hata moja inayobaki katikati.

Hatua ya nne ni telofasi. Kila kundi huzungukwa na utando mpya, viini vikawa viwili. Kisha katika mmea hujengwa ukuta katikati, na seli zikawa mbili. Seli ya kitunguu iliyoanza na kromosomu 16 imetoa seli mbili, na kila moja ina 16.

Hayo ndiyo mitosisi. Ni kazi ya kunakili, kama karani anayenakili daftari la mahudhurio neno kwa neno, ili kila ofisi iwe na daftari lake kamili.

3. MGOMBA NA WATOTO WAKE

Sasa twende kihambani. Mgomba tunaupanda kwa chipukizi. Chipukizi hutoka katika tunguu la mgomba mama lililomo ardhini, na kila seli yake imepatikana kwa mitosisi. Kwa hiyo chipukizi ni mgomba ule ule mama, ulioanza upya. Ukimpa jirani chipukizi la Mchare, naye akampa shemeji yake wa Marangu, na shemeji akalipeleka Machame, migomba yote hiyo ina kromosomu zilizonakiliwa kutoka mgomba mmoja. Ndiyo maana mtori wa Mchare ladha yake ni ile ile aliyoijua bibi wa bibi yako. Alivyosema Bibi ndivyo ilivyo: mgomba humzalia mgomba ule ule.

Mara chache sana hutokea kosa katika kunakili, na kosa hilo likitokea katika seli inayokuja kuwa chipukizi, hupatikana mgomba wenye tofauti ndogo: pengine shina lenye rangi nyingine, au vidole vya ndizi vyenye umbo jingine. Wakulima wetu wenye macho makali waliyaona mabadiliko hayo, wakayapa majina, wakayatunza. Hivyo ndivyo aina nyingi za ndizi za matoke zilivyopatikana katika nchi za Maziwa Makuu. Majina ni mengi, lakini uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba aina hizo zinakaribiana sana, kama watoto wa nyumba moja.

Lakini kufanana huko kuna hatari yake. Ikiwa mgomba mmoja hauwezi kushindana na ugonjwa fulani, basi na ndugu zake wote hawauwezi. Hapo zamani ndizi iliyouzwa sana Ulaya na Marekani iliitwa Gros Michel. Ilipandwa Amerika ya Kati katika mashamba makubwa, yote kwa machipukizi. Ukaingia ugonjwa wa mnyauko uitwao Panama, ambao kuvu wake hukaa udongoni kwa miaka mingi, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yalikuwa yameiacha Gros Michel na kupanda Cavendish badala yake. Sasa imetokea namna nyingine ya kuvu huyo inayoiua hata Cavendish, na mwaka 2013 ilitangazwa kuonekana kwa jirani zetu wa Msumbiji. Twaona basi kwamba kunakili bila kubadilika ni neema mambo yakiwa mazuri, na ni msiba yakiharibika.

4. MGAWANYIKO WA PILI: MEIOSISI

Kama viumbe wangekuwa na mitosisi peke yake, mbegu isingewezekana. Fikiri: mbuni una kromosomu 44. Mbegu hupatikana chembe ya chavua ikiungana na yai lililomo ndani ya ua. Lau chavua ingekuja na 44 na yai likawa na 44, mtoto angekuwa na 88, mjukuu 176, na kadhalika pasipo mwisho. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chavua na mayai hapana budi hesabu igawiwe kwa mbili. Kazi hiyo ndiyo meiosisi.

Katika meiosisi kromosomu hunakiliwa mara moja, lakini seli hugawanyika mara mbili, zikapatikana seli nne. Tofauti yake kubwa na mitosisi iko mwanzoni. Katika mitosisi kila kromosomu hujipanga peke yake. Katika meiosisi kila kromosomu humtafuta kwanza mwenzake wa jozi, yule wa baba na yule wa mama, wakalala sambamba. Wakiwa wamelala hivyo hubadilishana vipande. Kisha jozi huachana: mmoja huenda upande huu na mwenzake upande ule. Hapo hesabu imekwisha kuwa nusu. Katika mgawanyiko unaofuata zile nakala mbili za kila kromosomu huachana, kama katika mitosisi.

Jambo la kuangalia sana ni hili: jozi moja haiulizi jozi nyingine imekwenda upande gani. Katika jozi ya kwanza ya baba yaweza kwenda kulia, na katika jozi ya pili ya mama ndiyo ikaenda kulia. Arabika ina jozi 22. Kwa hiyo njia za kugawanya ni 2 mara 2 mara 2, mpaka mara ya 22, jumla yake 4,194,304, hata kabla hujahesabu vile vipande vilivyobadilishwa. Ikiwa mitosisi ni karani anayenakili, basi meiosisi ni kuchanganya karata na kuzigawa upya.

5. KWA NINI MGOMBA HAUNA MBEGU

Turudi kwenye ile hesabu ya 33. Ndizi mwitu ina seti mbili za kromosomu 11, jumla 22. Ndizi za kundi la matoke, zilizo maarufu Bukoba na Uganda, zina seti tatu za 11, jumla 33. Katika mitosisi seti tatu hazileti taabu yoyote, kwa kuwa kila kromosomu hujinakili na kujipanga peke yake. Ndiyo maana mgomba wake hukua na kutoa machipukizi kwa afya njema. Lakini inapofika meiosisi, kila kromosomu inatafuta mwenzake, na wenzake ni wawili. Wakiungana wawili, wa tatu hana wa kuungana naye, huangukia upande wowote. Chavua na mayai hupata hesabu zisizo kamili, na mbegu haziwezi kukua. Siku nyingine ukila ndizi mbivu, itazame katikati: vile vidoa vidogo vyeusi ndivyo vingekuwa mbegu, lakini havikuendelea. Nayo nyama ya ndizi huvimba bila kungoja mbegu, ndiyo bahati yetu sisi walaji.

Mwenye kufikiri ataniuliza, "Na Mchare je?" Mchare una kromosomu 22 tu, lakini mbegu zake nazo ni adimu sana. Sababu yake ni kwamba seti zake mbili zimetoka katika koo mbalimbali za ndizi mwitu, na baadhi ya kromosomu hazilingani vipande kwa vipande. Zikilala sambamba hazipatani vizuri. Lakini adimu si sawa na hapana. Wataalamu wa shirika la IITA walioko Arusha wamekuwa wakipaka chavua ya ndizi mwitu katika maua ya Mchare kwa mkono, na kutafuta katika mikungu zile mbegu chache zinazopatikana, ili wapate Mchare utakaoweza kushindana na magonjwa. Kwa maneno mengine, wanautafutia Mchare meiosisi ambayo umeikosa kwa muda mrefu.

6. KWA NINI MICHE YANGU HAIKUFANANA

Sasa nalijibu swali la Bibi. Kwanza, kwa nini kahawa ya babu ilifanana na mama yake ingawa ilitoka kwa mbegu?

Ua la arabika hujichavusha lenyewe; kwa kawaida takriban maua tisa katika kumi hufanya hivyo. Sasa chukua jozi moja ambayo maagizo yake hayafanani. Tuite A na a. Meiosisi hutoa chavua nusu A na nusu a, na mayai vivyo hivyo. Zikikutana, robo ya miche itakuwa AA, nusu Aa, na robo aa. Maana yake ni kwamba katika kizazi kimoja tu, nusu ya tofauti imekwisha kutoweka. Kizazi cha pili hubaki robo, cha tatu thumni, na baada ya vizazi kumi hubaki sehemu moja tu katika 1,024. Kahawa ya namna hiyo, iliyojichavusha vizazi na vizazi, jozi zake nyingi zina maagizo yale yale pande zote mbili. Karata zote zikiwa sawa, uzichanganye upendavyo, hazibadiliki. Meiosisi ipo, ila haina cha kuchanganya. Ndiyo sababu wazee wetu, tangu kahawa ilipopandwa na Wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, waliweza kupanda miche iliyojiotea bila hasara kubwa.

Robusta haiko hivyo. Ua lake halikubali chavua ya mbuni wake lenyewe. Lazima ipatikane ya mbuni mwingine. Kwa hiyo miche ya mbegu za robusta haifanani, na wakulima wa Kagera hawalishangai jambo lililonishangaza mimi.

Pili, kwa nini kahawa chotara haikufanya kama ya babu? Kwa sababu chotara ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana, waliochaguliwa makusudi: huyu kwa uzazi wake na ladha yake, yule kwa nguvu zake juu ya ugonjwa. Katika kila jozi ambayo wazazi wametofautiana, chotara ana A upande mmoja na a upande mwingine. Yeye mwenyewe ni mzuri, maana amepata kutoka kwa wote wawili. Lakini akitoa mbegu, meiosisi huichanganya mirathi ile yote na kuigawa upya. Tuseme nguvu ya kushindana na chulebuni yategemea jeni moja A. Robo ya watoto watakuwa aa, yaani hawana kinga. Katika miche yangu mia mbili hiyo ni kama hamsini, na kwa macho ya kitaluni nisingeweza kuitambua. Ningeijua baada ya miaka mitatu au minne, mibuni itakapozaa na buni kuanza kuoza. Na kama nguvu hiyo yategemea jeni zaidi ya moja, hasara ingezidi. Zile ncha za shaba na za kijani zilikuwa onyo tu la mambo ambayo hayaonekani.

7. NJIA ILIYO SAWA

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001, ina makao yake Lyamungo, mahali ambapo utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934. Aina za chotara zilizotolewa huko huzalishwa kwa vikonyo. Hukatwa kipande cha chipukizi changa la mbuni bora ulio katika bustani mama, chenye jani, kikasimikwa mahali penye kivuli na unyevu mwingi mpaka kitoe mizizi. Mizizi hiyo hutoka kwa mitosisi peke yake. Kwa hiyo mche wa kikonyo ni mbuni ule ule bora, kama vile chipukizi lilivyo mgomba ule ule. Watafiti hutumia meiosisi wanapotafuta kitu kipya, na wakishakipata hutumia mitosisi kukitunza. Mimi niliuanza upya mgawo wa karata wakati mkono mzuri ulikuwa umekwisha kupatikana.

Lakini tusisahau habari ya Gros Michel. Vikonyo vyote vya mbuni mmoja hufanana, na siku ugonjwa mpya ukipata njia ya kumwingia mmoja, umewapata wote. Kwa hiyo ni vema kihambani zipandwe aina mbili au tatu za chotara, wala si moja tu.

Likizo fupi ya Septemba nilikwenda nyumbani, nikamwamkia Bibi, nikamweleza hayo yote nikiwa nimekaa naye jikoni. Nilimchorea jozi kwa mkaa sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo maji yote yale niliyochota mferejini ni bure?"

Nikasema, "Nisamehe, Bibi. Nilisema najua, kumbe sikujua."

Akasema, "Siku nyingine ukiwa hujui, useme hujui. Ningengoja."

Miche tuliing'oa siku ile ile, ila sita aliyoichagua mwenyewe, mitatu ya shaba na mitatu ya kijani, akaipanda kando ya mfereji ili aone itakavyozaa. Miche ya vikonyo ameiagiza kwa kikundi chao cha wakulima, itakuja kabla ya mvua za masika. Mashimo nimekwisha kuyachimba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Seli ya ncha ya mzizi wa mbuni wa arabika ina kromosomu 44. Baada ya mitosisi kila seli itakuwa na ngapi? Chembe ya chavua yake je?
2. Eleza kwa nini kromosomu 33 hazizuii mgomba kutoa machipukizi, lakini zinazuia mbegu.
3. Mkulima ana mbuni wenye Aa. Ameatika mbegu 80 zilizojichavusha. Takriban miche mingapi itakuwa aa?
4. Jirani yako ataka kuotesha mbegu za kahawa chotara. Mweleze kwa maneno yako mwenyewe, pasipo kutumia neno "meiosisi", kwa nini asifanye hivyo.

Atakayeweza kulijibu swali la nne vizuri, naamini amelielewa somo. Nawatakieni nyote maandalizi mema ya mtihani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne